Historia, Hisabati au Sheria? Kisa cha binti anayejiandaa kusomea uanasheria

Binti wa miaka 16 anataka kusomea shahada ya sheria. Amefaulu vizuri ngazi ya kwanza ya sekondari, na shule yake inamtaka achague masomo matatu atakayoyasoma kwa miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Fomu ina masomo sita ya kuchagulia: Historia, Fasihi, Hisabati, Biolojia, Uchumi na Sheria. Ratiba ina kikwazo kimoja: Hisabati na Sheria hufundishwa saa zilezile, kwa hiyo akichukua hili amelikosa lile.

Anang'ara katika Hisabati na Biolojia. Fasihi anaipenda na anafanya vizuri. Historia iko katikati, na ripoti zake zinarudia maneno yaleyale muhula baada ya muhula: anajua mambo, hajengi hoja. Uchumi na Sheria hajawahi kuyasoma.

Kabla hajafika kwangu alikuwa amekwisha kupewa ushauri wa aina tatu. Baba yake alimwambia, "Mwanangu, mawakili wote ninaowafahamu walisoma historia na lugha. Hesabu utazipeleka wapi mahakamani?" Mwalimu wake wa Hisabati akasikitika kwamba kipaji kinakwenda kupotea, akamsihi asiliache somo. Wanafunzi waliomtangulia nao wakamtia hofu ya tatu: eti vyuo vinavyosifika havimtaki mtu aliyesoma Sheria sekondari, kwa sababu atakuja na mazoea mabaya.

Mimi hufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria, ndiyo maana fomu ile ilifika mezani kwangu ikiwa bado tupu. Swali aliloniuliza lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima: "Mwalimu, nichukue yapi ili nipate nafasi, na nichukue yapi ili nisije nikashindwa nikishaingia?" Aliona mwenyewe kwamba hayo ni maswali mawili. Watu wengi huyajibu kama moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Kupata nafasi

Swali la kwanza halihitaji hekima. Linahitaji kusoma. Nilimtuma atafute masharti ya vyuo vinne anavyovitamani, kwenye maelezo ya vyuo vyenyewe, ya mwaka ambao yeye ataingia na si ya miaka iliyopita. Akarudi na daftari. Hakuna chuo hata kimoja kati ya vile vinne kilichotaja Historia. Viwili vilitaka kiwango fulani cha ufaulu katika lugha ya kufundishia. Kimoja kilitaka mtihani wa kujiunga. Vyote vilitaka alama za juu kwa jumla.

Hilo si jambo la vyuo vyake tu. Oxford na Cambridge hazilazimishi somo lolote mahususi kwa anayeomba kusomea sheria. Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo hakipendekezi fani yoyote maalumu ya kuitangulia, na madarasa ya sheria yana watu waliotoka kwenye uhandisi, muziki na uuguzi. Masharti yanapotaja jambo mahususi, mara nyingi ni lugha: Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2012 iliyounda upya Shule ya Sheria ya nchi hiyo, inayowaandaa mawakili, iliweka wastani wa C+ pamoja na B kamili katika Kiingereza au Kiswahili. Na mara nyingine ni kinyume kabisa cha alichokifikiri baba: India, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya kitaifa vya sheria, unaojulikana kama CLAT, una sehemu nzima ya hesabu.

Ile hofu ya wanafunzi waliomtangulia ina chanzo, na inafaa kuelezwa ili iishe. Mwaka 2011 kundi la vyuo vikuu vya Uingereza liitwalo Russell Group lilitoa mwongozo wenye orodha ya masomo yanayofungua milango mingi ya vyuo. Hisabati ilikuwemo, Historia ilikuwemo, sayansi zilikuwemo, lugha zilikuwemo. Sheria haikuwemo. Watu wakasoma kutokuwemo huko kama marufuku, ilhali orodha ilikuwa ya masomo yanayodaiwa na kozi nyingi tu, na hakuna kozi inayodai Sheria ya sekondari, hata kozi ya sheria yenyewe. Mwaka 2019 orodha iliachwa. Uvumi ukabaki.

Na mtihani wa kujiunga je? Ule unaotumiwa na vyuo kadhaa vya Uingereza, LNAT, una maswali 42 ya kuchagua jibu yanayotokana na vifungu 12 vya kusoma, kwa dakika 95, kisha insha moja kwa dakika 40. Haupimi sheria hata kidogo. Unampa mtahiniwa kifungu kuhusu jambo lolote na kumuuliza: mwandishi anadai nini hasa, amekichukulia nini kuwa kweli bila kukisema, hoja ipi ingemdhoofisha? Hakuna somo la shule linaloitwa hivyo. Lakini yapo masomo yanayokufanyisha kazi hiyo kila wiki, na yapo yasiyokufanyisha kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza likawa jepesi: binti achukue masomo atakayopata alama za juu, alinde lugha yake, basi. Uzito wote ukahamia kwenye swali la pili.

Kutoshindwa ukishaingia

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria hufanya mambo mawili mchana na usiku. Anasoma hukumu ndefu ili apate sentensi chache zilizoamua kesi, akizitenga na maneno mengine yote ambayo jaji ameyasema njiani. Kisha anapewa kisa cha kubuni, mtu kamuuzia mwenzake gari bovu au jirani kajenga ukuta, na anaandika: suala la kisheria ni lipi, kanuni inasemaje, ukweli wa kisa unaingiaje kwenye kanuni, upande wa pili utajibu nini, na yeye anahitimisha vipi. Wanaoanguka mwaka wa kwanza, kwa ninavyoona darasani, ni wachache sana wanaoanguka kwa kutojua kanuni. Wanaijua. Wanaiandika ukurasa mzima. Kisha wanaruka moja kwa moja hadi kwenye jibu bila kuonyesha hatua.

Kwa sababu hiyo nilimwambia asilitazame jina la somo. Atazame somo linamfanyisha nini katika wiki ya kawaida: anasoma nini, anaandika nini, na nani anamsahihisha. Tukayapitia masomo yake kwa kipimo hicho, si kwa muda ulio sawa, kwa maana mengine hayakuhitaji mjadala mrefu.

Uchumi tuliupita haraka. Ni somo zuri, linasaidia sana mbele ya safari kwa anayetaka sheria za biashara, kodi au ushindani wa kampuni. Lakini hajawahi kulisoma, hana hamu nalo, na aliliweka kwenye orodha kwa kuwa linasikika la kikubwa. Sababu hiyo haitoshi kumbeba miaka miwili.

Sheria kama somo la sekondari inastahili haki yake. Faida yake kubwa ni kuonja: mwanafunzi anagundua mapema kama kazi hii ya kupambanua maneno inampendeza au inamchosha, na kugundua hivyo ukiwa na miaka 17 ni nafuu kuliko kugundua ukiwa na ishirini na kitu. Ila chuo hakimchukulii kuwa ametangulia. Mhadhara wa kwanza wa sheria ya mikataba unaanzia mwanzo kwa wote. Laiti somo hili lingegongana na Uchumi, ningemwambia alichukue bila kusita. Liligongana na Hisabati, somo analong'ara, na kwake ilikuwa gharama kubwa kwa faida ndogo.

Fasihi na kasoro ya mkato mmoja

Baba alikuwa sahihi kuhusu lugha, na nilitaka binti aone ni sahihi kwa kiasi gani. Nikampa kesi ya madereva wa kampuni moja ya maziwa katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo ya ziada ya saa za nyongeza watu wanaofanya kazi zifuatazo juu ya vyakula: kutia makoponi, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafutia soko, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza.

Soma tena mwisho wa orodha ile. Je, kusambaza ni kazi ya peke yake, au ni sehemu ya kufungasha, yaani kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kufungasha kwa ajili ya kusambaza? Madereva wanasambaza. Hawafungashi chochote. Kama kusambaza kunasimama peke yake, wamenyimwa malipo kihalali. Kama kumefungwa na kufungasha, wamo nje ya orodha na wanadai fedha zao. Mkato mmoja kabla ya "au" ungemaliza ubishi, na haukuwekwa. Mahakama ya chini iliipa kampuni ushindi. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa madereva, kwa kuwa maneno yalikuwa na utata na lengo la sheria lilikuwa kuwalinda wafanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo, baada ya hukumu ile, liliiandika upya orodha, safari hii likitenganisha kila kazi kwa nuktamkato.

Binti aliipenda kesi ile. Alitoa hoja ya upande wa kampuni ambayo sikumfundisha: kama kusambaza ni sehemu ya kufungasha, basi orodha haina "au" inayotangulia kazi yake ya mwisho, na orodha ya kawaida huwa nayo. Ndivyo kampuni ilivyojitetea kweli. Hapo nikajua kwamba sikio la lugha analo. Fasihi inalinoa sikio hilo kuliko somo jingine lolote, kwa sababu ndilo somo pekee pale shuleni ambapo mwalimu anaweza kukaa na beti moja kipindi kizima na kuuliza kwa nini neno hili na si lile. Mtu aliyezoea kusoma shairi kwa utulivu hashtuki akikutana na kifungu cha sheria chenye masharti matatu ndani ya sentensi moja.

Hesabu mahakamani

Sasa lile swali la baba: hesabu utazipeleka wapi mahakamani? Jibu langu kwake lilikuwa kisa cha Sally Clark, na sijui kisa kingine kinachoonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi.

Sally Clark alikuwa mama nchini Uingereza, na mwenyewe alikuwa wakili. Mwanawe wa kwanza alifariki akiwa mchanga Desemba 1996, wa pili Januari 1998. Alishtakiwa kwa kuwaua wote wawili, na Novemba 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika ushahidi, daktari bingwa wa watoto aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa familia kama ile kufiwa na watoto wawili kwa kifo cha ghafla cha uchangani ni mmoja kati ya milioni 73. Namba hiyo ilipatikana hivi: uwezekano wa kifo kimoja cha aina hiyo katika familia isiyovuta sigara, yenye kipato, na yenye mama aliyevuka miaka 26 ulikadiriwa kuwa mmoja kati ya 8,543. Ukazidishwa kwa wenyewe.

Nilimwandikia binti hayo kwenye karatasi, 8,543 mara 8,543, bila kumwambia kesi iliishaje. Akatazama, akanyanyua kichwa. "Mbona amezidisha, Mwalimu? Si ndugu hao?"

Hapo ndipo palipooza. Kuzidisha kunaruhusiwa pale tu matukio mawili yasipotegemeana. Ndugu wana wazazi walewale, damu ileile, nyumba ileile. Kama kuna jambo katika mwili au mazingira lililomwua wa kwanza, wa pili tayari yumo hatarini kuliko mtoto mwingine. Kuna kosa la pili, la ndani zaidi, ambalo hakuliona mara moja na tukalifanyia kazi pamoja. Hata namba ingekuwa sahihi, haikuwa inajibu swali la mahakama. Ilisema vifo viwili vya ghafla ni nadra. Mama kuwaua wanawe wawili wachanga nako ni nadra sana. Jambo moja kati ya mawili nadra lilikuwa limetokea, na kazi ya mahakama ilikuwa kuyalinganisha hayo mawili, si kulipima moja peke yake na kulihukumu kwa unadra wake.

Rufaa ya kwanza, mwaka 2000, ilishindwa. Oktoba 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kikatoa tamko hadharani kwamba namba ile haikuwa na msingi. Januari 2003 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu. Sababu kuu ilikuwa vipimo vya bakteria vilivyochukuliwa kwa mtoto wa pili, ambavyo mwanapatholojia, yaani daktari aliyeuchunguza mwili, alikuwa navyo na upande wa utetezi haukupewa. Takwimu nayo ikakosolewa. Sally Clark alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Alifariki mwaka 2007.

Msichana wa miaka 16 aliliona kosa kwa sababu alikuwa amesoma uwezekano muhula uliotangulia. Ninapowasikia watu wakimwambia kijana mwenye kipaji cha hesabu aziache kwa kuwa anataka sheria, nakumbuka namba ile na miaka ile ya gerezani, na ninaumia kwelikweli. Ushahidi wa vinasaba, mahesabu ya fidia, mikopo, kodi, alama za vidole: mwanasheria atakabidhiwa namba maisha yake yote, na asiyeweza kuziuliza maswali atalazimika kumwamini anayezitaja kwa sauti ya uhakika zaidi.

Hisabati ina zawadi nyingine inayosahaulika. Uthibitisho wa jiometri hukulazimisha kusema kila hatua inatoka wapi. Abraham Lincoln, aliyefanya kazi ya uwakili miaka mingi kabla ya urais, aliandika mwaka 1860 katika maelezo mafupi ya maisha yake kwamba alijifunza vitabu sita vya jiometri vya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na karibu kuvimudu vyote, na alifanya hivyo akiwa mtu mzima aliyekwisha kuwa mbunge. Ni shule ileile ninayoitafuta kwenye majibu ya wanafunzi wangu: onyesha hatua.

Baada ya hapo nilimpa binti kazi. Aandike ukurasa mmoja kumweleza mtu asiyejua hesabu kwa nini namba ya milioni 73 haikupaswa kuaminiwa. Aliniletea mistari minne. Wa kwanza ulikuwa na alama za uwezekano zinazosomeka na wenye ujuzi tu. Wa mwisho ulisema, "kwa hiyo si sahihi." Kila kitu kilichokuwemo kilikuwa kweli, na hakuna mtu asiyejua hesabu ambaye kingemshawishi. Maneno ya ripoti yake yakawa yamejithibitisha mbele yangu: anajua mambo, hajengi hoja.

Kwa nini Historia, ingawa alama ni za wastani

Nilimwomba aniletee insha zake za Historia, zile zenye wino mwekundu. Moja ilihusu Magna Carta, mkataba wa mwaka 1215 kati ya mfalme wa Uingereza na makabaila wake. Alikuwa ameandika kwamba mkataba ule uliwapa watu wote haki ya kutokamatwa bila hukumu ya sheria. Mwalimu wake alikuwa amepiga mstari chini ya "watu wote" na kuandika pembeni neno moja: nani?

Mkataba ulisema "mtu huru". Wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana, ambao walikuwa sehemu kubwa ya watu wa nchi ile, hawakuwa watu huru. Na kipande kile cha haki hakikudumu hata mwaka: ulitiwa muhuri Juni, na Agosti mwaka uleule Papa Innocent III akaubatilisha kwa ombi la mfalme. Ulitolewa upya baadaye, ukabadilishwa, ukasomwa na vizazi vingine kwa maana pana kuliko ile ya waliouandika. Yote hayo yamo ndani ya swali la mwalimu la neno moja. Nani anahusika na maneno haya? Nani aliyaandika, lini, akitafuta nini? Nani amebaki nje? Mwanasheria akiulizwa kifungu chochote duniani, anaanza na maswali hayo.

Nilikaa na insha ile kwa muda mrefu kuliko karatasi nyingine yoyote katika kisa hiki. Kilichonigusa si kosa la binti. Ni kwamba kulikuwa na mtu shuleni kwao anayesoma kila sentensi yake na kumuuliza nani. Alama zake za Historia ni za wastani kwa sababu pale ndipo udhaifu wake unapoonekana, na unapoonekana ndipo unapotibika. Katika Hisabati na Biolojia udhaifu huo hujificha, kwa kuwa jibu sahihi linatosha. Mtu anayekwenda kusomea sheria asilikimbie somo linalomuuma mahali hasa ambapo shahada itamuuma. Angelikimbia, angeingia chuoni na alama nzuri na ugonjwa uleule, na huko darasa lina watu wengi mno kwa mwalimu kuandika nani pembeni mwa kila sentensi.

Nasema hivi kwa sharti moja: awepo mwalimu wa namna hiyo. Historia inayofundishwa kwa kukariri tarehe na kuorodhesha sababu sita za vita haimsaidii mwanasheria lolote. Jina la somo ni lilelile, kazi ni nyingine. Mzazi anayetaka kujua afungue daftari la insha la mtoto atazame maandishi ya pembeni.

Uamuzi

Pendekezo langu lilikuwa Hisabati, Historia na Fasihi. Hisabati kwa alama na kwa fikra, Historia kwa kujenga hoja kutoka kwenye ushahidi, Fasihi kwa sikio la lugha na kwa mazoezi ya pili ya kuandika.

Baba yake alikuja siku hiyo, na nilimweleza yale ya Maine na yale ya Sally Clark. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa la maana kuliko yote aliyokwisha kusema: "Na akibadili nia katikati, Mwalimu, atakuwa amebaki na nini?" Ni swali la haki. Watoto wa miaka 16 hubadili nia, na hawana kosa. Hisabati ndiyo jibu lake kubwa: inabakiza njia za uchumi, takwimu, uhasibu na nyingine nyingi. Nilimtahadharisha pia kwamba Biolojia isihesabiwe kama mlango wa udaktari, maana Kemia haimo kwenye orodha yao, na kozi nyingi za udaktari zinaidai. Akaitazama fomu, akamwambia binti yake, "Hesabu zibaki. Mengine amua mwenyewe, mwanangu."

Binti aliamua Hisabati, Historia na Biolojia.

Fasihi aliiacha kwa sababu aliyoieleza vizuri. Nafasi ya chuo inategemea alama. Akiweka masomo mawili ya insha, na insha ndiyo udhaifu wake, anaweza kuangushwa na yote mawili kwa pigo moja. Kwa Biolojia ana uhakika, na Historia peke yake itamfundisha kuandika. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: ripoti za maabara zimemfundisha kuandika kwamba matokeo hayatoshi kuthibitisha, na hakuna somo jingine linalomruhusu kusema hivyo na kupata alama. Nikakumbuka vipimo vya bakteria vya kesi ya Clark, vilivyokaa kwenye faili bila wakili wa utetezi kujua kuwa vipo. Sikuwa na la kumpinga.

Bado nina wasiwasi, na nilimwambia. Somo moja la insha ni kamba moja. Mwalimu akihama, au akilemewa na karatasi nyingi, hana pa kushika. Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili, na mwalimu wake wa Historia akaridhia. La kwanza, kila wiki atachagua hukumu fupi iliyotolewa hadharani au hoja ya gazetini, aandike ukurasa mmoja: mwandishi anadai nini, ameegemea nini, na mpinzani wake mkali angejibu nini. Ukurasa, si mistari minne. La pili, shule yao huruhusu kubadili somo katika wiki za mwanzo za muhula. Kabla dirisha hilo halijafungwa atakuwa ameandika insha mbili kamili za Historia. Zikirudi zikiwa na maneno yaleyale ya zamani pembeni, Biolojia inatoka na Fasihi inaingia, na hakutakuwa na mjadala mwingine.

Ukurasa wa kwanza ameuandika tayari, kuhusu namba ya milioni 73. Safari hii umeanza na watoto wawili wa mama mmoja wanaolala katika nyumba moja, na alama za hesabu hazionekani hadi aya ya tatu. Hoja ya mpinzani bado ni dhaifu. Nimemrudishia airudie hiyo peke yake.